Paji la Bi Mwanamvua

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, hospitali ipo na watu hawaendi, aliishi Pangani kungwi mmoja, Bi Mwanamvua. Mabinti wa mtaa mzima aliwafunda yeye. Alipokoma hedhi, nyusi zikaanza kumpukutika. Kisha nywele za mbele zikarudi nyuma, kidogo kidogo, paji likapanda, ngozi ikabaki nyororo, inang'aa, inawasha kama iliyopakwa pilipili.

Watu watatu waliona. Hodari wa macho wote, mabubu wa kusema.

Tausi, msusi wake, aliona. Akasema nini? "Joto tu hilo, Bi." Akamsuka kwa kukaza zaidi, akamshonea na rasta za kuziba.

Mzee Shekuwe, mumewe, aliona. Akasema nini? Hakusema. Aligeukia ukutani, akakoroma.

Hidaya, mdogo wake wa tumbo moja, aliona. Akasema nini? Ah, huyo alisema! Alisema sokoni, alisema msibani, alimwambia hata muuza ndizi. Mbele ya dada yake tu ndipo ulimi ulipopooza.

Siku moja, katikati ya unyago, mtandio ukamponyoka Bi Mwanamvua. Mwali akacheka. Kesho yake Bi akaenda hospitali, peke yake.

"Mama," daktari wa ngozi akamwambia, "ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Huacha kovu. Mzizi ukishakufa, unywele hauoti tena. Ungekuja mapema tungeokoa nyingi. Sasa tutapigania zilizobaki."

Akarudi nyumbani, akawaita wote watatu, akavua mtandio mbele yao.

"Nitazameni vizuri leo. Mmoja wenu hatavuka tena kizingiti changu. Jiteteeni."

Tausi akaanza: "Mimi si daktari, Bi. Nilikufichia aibu. Nani mwingine alikishika kichwa chako kwa upole?"

"Upole! Ulinisuka hata kufumba macho nikashindwa!"

Mzee Shekuwe akakohoa. "Mwanamume hamuulizi mkewe nyusi zimekwenda wapi. Nilikusitiri, mke wangu."

"Ulijisitiri mwenyewe."

Hidaya akalia, machozi mengi, kamasi kidogo. "Dada, mimi nilisema ili maneno yakufikie."

"Yanifikie kwa muuza ndizi?"

Machozi ya Hidaya yakakauka papo hapo. "Na wewe je? Kioo hukuwa nacho? Mtandio ulifungwa na nani kila asubuhi?"

Bi Mwanamvua akautazama mtandio mkononi mwake. Neno hilo lilimwingia, maana lilikuwa kweli, na aliyelisema hakustahili kulisema. Akasimama, akafungua mlango wazi.

"Hata hivyo," akasema, "mmoja anatoka."

Haya, ninyi wenye macho makali kama yao, leo msiwe mabubu: msusi, mume, au ndugu? Je, nani alistahili kufukuzwa?