Pepo Aitwaye Ketinami

Mlioketi, mpo?
Tupo.
Na masikio?
Tumekuja nayo.
Basi yategeni.

Hapo kale, katika kijiji cha wanyama nyuma ya mashamba ya mihogo, aliishi Sange. Nasema Sange, sisemi panya. Panya ana pua fupi na mkono mrefu. Sange ana pua ndefu na mikono mitupu, na akiogopa hupiga chini kwa miguu ya nyuma, tu-tu-tu, tu-tu-tu.

Jirani yake alikuwa Bi Nyamvula, naye alikuwa paa, mke wa Mwakitu. Nyamvula alijifungua mtoto wa kike, na kijiji kizima kikapiga vigelegele. Vigelegele vilipokwisha, Nyamvula akageukia ukutani. Hakula. Hakuoga. Mtoto akilia, alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa mgeni. Mwakitu akaona haya, akafunga mlango, akawaambia watu kwamba mkewe ana homa.

Homa haikwisha, akaitwa mganga. Mganga alikuwa Mabaka bin Mifupa, fisi, mwenye taya la kuvunja jiwe. Akainusa nyumba, akacheka kwe-he-he, akasema huyu amepandwa na pepo, mtu asimkaribie. Kisha akawasomea sheria yake. Neno la pepo halipunguzwi. Alitakalo hupewa. Anayelikataa, pepo humpanda yeye. Na kwa kuwa pepo hunong'ona, masikio ya kumsikia alikuwa nayo Mabaka peke yake.

Pepo akataka mayai. Yakatolewa, Mabaka akayapokea, na Nyamvula akabaki ameukabili ukuta. Pepo akataka asali. Ikatolewa, Mabaka akaipokea, na Nyamvula akabaki ameukabili ukuta. Pepo akataka samaki wa kukaanga. Wakatolewa, Mabaka akawapokea, akajipangusa mdomo, akatangaza kwamba kesho itapigwa ngoma ya mwisho, kwa sababu sasa pepo anamtaka mtoto.

Mwakitu akalia. Nani angebishana na taya lile?

Sange alipopata habari, miguu ilimtangulia kusema, tu-tu-tu. Akapenya chini ya mlango, akaketi kando ya kitanda. Alitaka kuuliza mengi, akajizuia. Akaketi tu, kivuli kikasogea kutoka dirishani hadi kwenye mtungi. Hatimaye Nyamvula akasema, bila kugeuka:

"Mwenzangu, nimekuwa mama mbaya. Namwona mtoto, moyo haustuki. Nikisema, wataniita kichaa."

"Hata mimi yalinipata," Sange akamjibu, "kwa mwanangu wa pili. Sikumwambia mtu."

"Yaliisha?"

"Yaliisha. Marehemu mama alikuwa akija kila siku, akikaa hivi nilivyokaa mimi."

Mkono wa Nyamvula ukashuka kutoka kitandani, ukalala juu ya mgongo wa Sange, na Sange hakuthubutu hata kujikuna.

Kesho yake ngoma zikapigwa, ndi-ndi-ndi, ubani ukafuka, kijiji kikajaa chumbani. Mabaka akasimama katikati, jicho moja kwa watu, jicho moja kwa mtoto. Sange alikuwa amekwisha kujificha chini ya kitanda.

"Wewe uliyepanda," Mabaka akanguruma, "jina lako nani?"

Akainama kusikiliza mnong'ono wake wa kila siku. Mara sauti ikatoka, nene, ya puani:

"Naitwa..." Ikakwama. Sange alikuwa amefikiria yote usiku kucha, ila jina hakulifikiria. "Naitwa Ketinami."

Ngoma zikanyamaza. Mabaka hakupata kulisikia jina hilo tangu azaliwe. Lakini watu walikuwa wakimtazama, na mganga asiyemjua pepo ni mganga gani? Akakohoa, akasema Ketinami anamjua sana, na hata baba yake anamjua.

"Ukinijua," sauti ikasema, "wajua kuwa sili nyama. Harufu yake tu hunichefua."

"Wataka nini, basi?"

"Nataka Kanga aje asubuhi amwogeshe mtoto. Nataka Nungunungu apike uji. Nataka Kobe aje akae na kiti changu, huyu niliyempanda; akiwa na neno aseme, asipokuwa nalo anyamaze. Nataka Mwakitu ambebe mwanawe, mama apate usingizi. Na kila anayeingia amwulize Nyamvula amelalaje, kisha angoje jibu."

Mabaka akauliza mganga atapata nini.

"Mganga atachota maji."

Watu wakakohoa ili wasicheke. Mabaka akainusa sakafu, akaona ncha ya pua ndefu ikichungulia chini ya kitanda. Akapiga hatua. Sange akajua amekwisha, na miguu ikaanza yenyewe, tu-tu-tu, tu-tu-tu. Hapo Nyamvula akageuka kutoka ukutani. Akaiacha leso yake idondoke, ikaifunika ile pua. Akamkazia Mabaka macho.

"Ndiye yeye," akasema. "Usimsogelee."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza mbele ya watu tangu ajifungue. Mwakitu akamnyanyua mtoto, akamkumbatia, akamwambia Mabaka kwamba sheria ni yake mwenyewe, na ndoo iko nje.

Nyamvula hakupona kwa siku moja, msidanganyike. Zilikuwako siku alizoamka akaoga, na siku alizorudi ukutani, na siku hizo Kobe alikaa zaidi. Kanga alisema mno. Nungunungu aliunguza uji. Lakini walikuja. Na Mabaka alichota maji huku akinung'unika njia nzima, akiitua ndoo, pwaa, akiuliza kwa kinywa kikavu:

"Umelalaje?"

Nyamvula alimjibu kila mara, vizuri au vibaya. Asubuhi moja, mtoto akiwa ananyonya naye akimwimbia polepole, alimjibu kwamba amelala vyema, kisha akamtazama fisi yule, macho mekundu, mbavu nje.

"Na wewe, Bwana Mabaka, umelalaje?"

Mabaka akafungua kinywa acheke, na kicheko hakikuja. Hakuna aliyepata kumwuliza. Akaketi chini palepale, kwenye maji yaliyomwagika, akasema hajalala tangu azikwe mama yake, na kwamba kile anachocheka usiku si kicheko.

Kanga akatazamana na Nungunungu. Akasema kwa adabu kwamba, kwa maoni yake, Ketinami ameshuka kutoka kwa Nyamvula na amempanda mganga. Na neno la pepo halipunguzwi.

Jioni ile Sange alikwenda pangoni kwa Mabaka, miguu ikisema tu-tu-tu njia nzima. Akachagua mahali karibu na mlango, asije akakosa pa kukimbilia. Akaketi.

Ngano imefika kwao, nami narudi kwangu. Funzo lake, wanangu, ni hili: mkimwona mtu ameukabili ukuta, piteni upesi wala msimwulize amelalaje. Akianza kuwajibu, mtachelewa shambani.

Mmesikia?
Tumesikia.
Basi msitii.