Kiboko Aliyetaka Mapigo Yote

Paukwa!

— Pakawa!

Niirushe?

— Irushe!

Mtairudisha?

— Tutairudisha!

Aa, aa. Mnaitikia kama watu waliolazimishwa kuoga. Wekeni raketi chini, futeni jasho, kaeni. Somoe, acha kudundisha huo mpira, unanitoboa masikio. Tena! Paukwa!

— PAKAWA!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani wanyama walicheza tenisi. Usicheke, Somoe, nani alikwambia tenisi ni ya watu peke yao? Raketi walisukiwa na ndege mnana kwa nyasi mbichi. Neti ilikuwa kamba iliyofungwa kati ya vichuguu viwili. Mpira ulikuwa ndulele, lile tunda la porini la manjano, la mviringo, chungu kama dawa. Mwamuzi alikuwa Twiga, kwa sababu hakuhitaji kiti. Twiga hasemi. Shingo ikilala kulia, pointi ya kulia. Ikilala kushoto, pointi ya kushoto.

Wala hawakucheza kwa kujifurahisha. Kila kiangazi mito ilikauka, likabaki bwawa moja. Sheria ilikuwa hii: wanajaza kikapu cha ndulele, kila pointi ndulele moja. Kikapu kikiisha, mwenye pointi nyingi ndiye mwenye bwawa mpaka mvua inyeshe.

Na mwenye bwawa nani? Kiboko. Mwaka jana Kiboko. Mwaka juzi Kiboko. Alijua pigo moja tu, lakini jamani, pigo! Mkono wa kulia unakwenda nyuma, nyuma, halafu BWAA! Ndulele inapasuka, mbegu zinaruka, mpinzani anamwita mama yake. Swala alicheza naye. BWAA! Swala akakimbia mpaka kijiji cha pili. Ngiri alicheza naye. BWAA! Ngiri akaingia shimoni matako kwanza, na mpaka leo anaingia hivyohivyo.

Kiboko akishashinda, anajilaza bwawani mwili mzima, viputo puani, pwu, pwu, pwu. Wanyama wakiomba maji anawaambia, "Mtakunywa nikimaliza kuoga." Na hamalizi kuoga.

Basi kule kwenye mawe aliishi Pimbi, mama wa watoto wengi. Asubuhi watoto walilamba umande kwenye mawe, mchana hawana kitu. Siku moja kitindamimba wake alifungua mdomo alie, sauti haikutoka. Pimbi roho ikamuuma sana. Akasema, "Basi. Mwaka huu nacheza mimi."

Wanyama walicheka mpaka Fisi akaona wivu. Pimbi mwenyewe raketi imemzidi kimo!

Pimbi akashuka mpaka bwawani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kipande cha nini wewe?"

"Pimbi, mzee. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Watu wanasema mzee wetu ana pigo moja tu."

Kiboko akatoka majini nusu, maji yanamchuruzika. "Kwani mapigo yapo mangapi?"

"Uuu! Kuna la kukata. Mpira unapita fyuu, ukidunda unalala."

"Nalitaka!"

"Kuna la kugusa. Tii! Mpira unavuka neti na kuzimia palepale."

"Nalitaka!"

"Kuna la kuutuma mawinguni. Mpinzani anasubiri ushuke mpaka anasinzia."

"Nalitaka! Yote nayataka! Nani anayo hayo yote?"

"Mchezaji kamili, mzee."

"Nifundishe niwe kamili. Leo!"

Pimbi akamfundisha. Leo kukata, fyuu. Kesho kugusa, tii. Keshokutwa mawinguni. Lile la jana halijakaa mkononi, Kiboko keshadai jingine. "Lete! Lete!" Akala mapigo kama anavyokula majani, bila kutafuna.

Kabla ya mechi Pimbi akampa somo la mwisho. "Mzee, mchezaji wa pigo moja anapiga tu, kama anayefukuza nzi. Mchezaji kamili hujiuliza kwanza: Nikate? Niguse? Niutume mawinguni?"

Kiboko akafumba macho akakariri. "Nikate? Niguse? Niutume mawinguni?" Tamu! Alijiona msomi.

Siku ya mechi ikafika. Wanyama wote pembeni, ndimi nje. Watoto wa Pimbi wamepangwa juu ya jiwe, kitindamimba kalazwa katikati. Twiga akanyoosha shingo. Pimbi akarusha ndulele, tu!, ikaenda polepole, hata konokono angeikamata.

Kiboko akaitazama. "Nikate? Niguse? Niutume mawinguni?"

Du. Du. Imedunda mara mbili! Shingo ya Twiga ikalala upande wa Pimbi.

Ya pili, tu! "Nikate? Niguse? Niutume..." Du. Du.

Ya tatu alikata nusu akagusa nusu, ndulele ikampiga Fisi jichoni. Wanyama wakarukaruka. Nyani akaanguka kutoka mtini, akapanda tena, akaanguka tena kwa furaha.

Sasa Kiboko akapandwa na hasira. Na mwenye hasira hakumbuki masomo. Mkono ukaenda nyuma, nyuma... BWAA! Pimbi hata hakuiona. BWAA! BWAA! Shingo ya Twiga ikalala upande wa Kiboko, ikalala tena, ikalala tena, mpaka akampita Pimbi kwa pointi mbili. Kwenye kikapu zikabaki chache. Kule kwenye jiwe watoto wakafumba macho. Pimbi, niwaambie kweli, aliogopa.

Akavuta pumzi, akapaza sauti wote wasikie. "Mzee! Mbona umerudia lilelile? Watakucheka!"

Ngiri, kutoka shimoni, akacheka, "Hi hi hi!"

Kiboko akaona haya mpaka masikio yakalala. "Nani kasema najua moja? Mtaona!"

Tu! "Nikate? Niguse..." Du. Du.

Tu! Kiboko akaigusa kidogo ikavuka, Pimbi akairudisha, tu! "Niutume..." Du. Du.

Pointi zikalingana. Ikabaki ndulele moja. Pimbi akaibusu, chungu! Akairusha, tu!

Kiboko akaiona inakuja. Akaona kuchagua ni kupoteza, kwa nini apige moja wakati anayo yote? Akakata, akagusa, akaituma mawinguni, yote kwa mkupuo mmoja! Fyuu-tii-BWAA! Raketi ikaenda mashariki, yeye akazunguka kama pia, akajifunga neti shingoni, akaketi chini, PUUU! Ndulele ikamdunda kichwani, du. Ikateremka mgongoni, du.

Twiga akalaza shingo upande wa Pimbi, taratibu, huku machozi ya kicheko yakimtiririka.

Pimbi hakungoja hata kushangiliwa. Alimbeba kitindamimba wake mbio mpaka bwawani. Mtoto akanywa, akanywa, kisha akalia kwa sauti kubwa, waaa! Mama yake hajasikia wimbo mtamu kama huo. Wanyama wote wakanywa, hata Fisi, jicho moja limevimba.

Kiboko akaja, neti bado shingoni. "Pimbi, niambie ukweli. Pigo gani ulinificha?"

"Hakuna, mzee. Hayo nayajua kwa mdomo tu, mkononi ninalo moja. Kurudisha."

Kiboko akafungua kinywa amjibu. Amtukane? Amsifu? Amwombe maji? Akashindwa kuchagua, akakifunga. Mpaka leo ukipita bwawani utamwona. Anafungua kinywa waaazi, anawaza, anakifunga. Bado anachagua.

Funzo, wanangu: mchezaji mzuri hujifunza mapigo yote, tena kwa haraka, wala asitegemee pigo moja.

"Lakini mwalimu, Pimbi alikuwa na moja!"

Nyamaza, Somoe. Kesho saa kumi hapa hapa, tunaanza la mgongo wa mkono, la kukata, la kugusa na la mawinguni. Na kabla ya kupiga, mjiulize kwanza.

Du. Du. Hadithi yangu imedunda mara mbili. Aliyeshindwa kuirudisha aokote mipira.