Tonge la Tatu la Katibu Dhakwan

Inasimuliwa kwamba mwezi wa Rajabu, mwaka aliofariki msimamizi wa soko la mji wa Marsufa, liwali aliwaamuru watumishi wa diwani, yaani ofisi yake ya uandishi: asile mtumishi kwenye sinia la mtu anayeutaka usimamizi ule. Sababu ilijulikana. Katika mji huo, aliyetia mkono kwenye sinia la mtu alihesabiwa kuwa ni mtu wake.

Walioutaka walikuwa wawili, Sheikh Nawfali na Sheikh Haritha. Makatibu wa diwani walikuwa saba. Haukupita mwezi, sita wakawa wamekwisha kula, watatu huku na watatu kule. Wa saba, Dhakwan bin Wahbi, hakula kokote.

"Njoo, mcha Mungu wetu," mwenzake Masruki alimwita siku moja, akielekea karamuni. "Kondoo huyu kachinjwa kabla hajachagua upande."

"Aliyemchinja amechagua," alijibu Dhakwan.

Hawakumwita tena. Kila upande ulimdhania kuwa jasusi wa upande wa pili. Mkewe alikuwa amefariki, mtoto hakuwa naye. Adhuhuri alikula mkate wake nyuma ya ukuta wa diwani, na zilipita siku asisikie jina lake likitajwa na mtu isipokuwa liwali. Alisubiri, akimtegemea Mola wake.

Mwezi wa Shaabani wakuu wa nyumba walileta hati, kila mmoja ameandika amtakaye awe msimamizi. Ukazuka ubishi juu ya nani azisome. Liwali akasema, "Katika diwani hii umebaki mkono mmoja safi. Atasoma Dhakwan."

Masruki mwenyewe alisogea kumpisha. "Karibu, ndugu yangu."

Dhakwan hakuketi. "Allah amhifadhi liwali. Mkono wangu si safi. Ijumaa iliyopita jirani yangu, Bi Rababu, aliniletea bakuli la harisa, ngano iliyopondwa na nyama. Kwenye tonge la tatu akaniambia limetoka karamuni kwa Sheikh Nawfali."

"Ukaliacha?"

"Nililimaliza."

"Njaa ilikushinda?"

"Sikuwa na njaa, bwana wangu. Bi Rababu alikuwa ameketi kizingitini akizungumza nami. Nilijua nikimrudishia bakuli, atakwenda zake."

Kisha Sheikh Haritha akasema, "Asingesema, tusingejua. Mimi naridhia asome yeye."

Sheikh Nawfali naye akaridhia. Dhakwan alisoma hadi alasiri, na Haritha akashinda kwa majina tisa.

Liwali hakuiacha amri yake; aliwauliza na wale sita, wakakiri. Alimzuia Dhakwan asiingie diwani siku saba, na wale sita siku arobaini, kwa kuwa hawakusema mpaka walipoulizwa. Waliporudi, walisema ni ulimi wa Dhakwan uliowaponza. Hawakumsalimia.

Ndugu zangu katika imani, yapo maasi yanayoingia kwa mlango wa tamaa, na yapo yanayoingia kwa mlango wa upweke. Mja huyu aliteleza kwa sababu ya upweke, na aliposema kweli, upweke ulizidi. Malipo yake hatukuelezwa; yako kwa Mwenyezi Mungu. Kilichopokewa ni kwamba alitumikia diwani miaka minne mingine, akafariki mwezi wa Safar. Waliomsalia walikuwa watu kumi na mmoja, na Sheikh Nawfali alikuwa mmoja wao.