Bibi Rufaida na Mizinga Iliyoungua

Watu wa visiwa vya Hawaii, mbali kabisa katika bahari ya Pasifiki, wana desturi ya kale ya kuwekana sawa. Jamaa wakikosana, mkubwa wao huwakusanya, wakaomba dua, kila mmoja akakiri kosa lake, wakasameheana, kisha wakala pamoja. Asikiaye habari hiyo asistaajabu sana, kwani inasimuliwa kwamba katika bonde moja la Yemeni, zama za wema waliotutangulia, nyumba ya mama mcha Mungu aitwaye Bibi Rufaida ilipatwa na jambo linalofanana nayo.

Bibi Rufaida, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mjane mwenye wana wawili. Mkubwa, Muthana, alilima mtama. Mdogo, Ukba, alifuga nyuki, na alikuwa ameoa karibuni binti wa bonde jingine, jina lake Lubaba. Siku moja Muthana alichoma magugu shambani, akaufukia moto kwa udongo, akaenda zake kuswali. Baadaye upepo ukavuma, moto ukaruka, na mizinga yote ya Ukba ikateketea pamoja na nyuki wake.

Ukba akamlaumu kaka yake msikitini mbele ya watu, akamwita hasidi. Muthana hakujibu neno. Tangu hapo Ukba hakuitikia salamu yake, na mtama ulivunwa ndugu hao wangali hawasemezani.

Ndipo Bibi Rufaida alipowaita wote baada ya sala ya adhuhuri. Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa na kufunikwa. Lubaba, ambaye kwao wagombanao hupelekwa kwa kadhi, alikaa karibu na mlango akiwa na hamu ya kujua mama mkwe atahukumu vipi bila shahidi.

Bibi akasoma Fatiha, kisha akasema, "Wanangu, kila mtu atasema la kwake, asiguse la mwenziwe. Tukimaliza ndipo tutakula. Naanza mimi. Tangu alipofariki baba yenu nimemdekeza Ukba. Hata alipomvunjia heshima kaka yake, nilinyamaza. Muthana mwanangu, niwie radhi."

Lubaba akashangaa. Mama huyu hakushika hata kijinga cha moto. Anaomba radhi ya nini?

"Nimekuwia radhi, mama," akasema Muthana. Kisha zamu yake ikafika. "Nami ninalo langu. Lakini limefungamana na la mtu mwingine, na umetukataza kuligusa. Naomba nisubiri."

Lubaba akaikumbuka siku ya moto. Siku ile, alipokosa moto wa kupikia, alikwenda shambani akaufukua ule wa shemejiye, akachota makaa, akaondoka bila kuufukia tena. Mizinga ilipoungua alijiambia kwamba pengine ulikuwa umeshazimika. Sasa akafahamu kuwa Muthana alimwona, akaibeba lawama muda wote ule, na hata leo alikuwa tayari kuendelea kuibeba. Angenyamaza, siri ingekaa. Angesema, huenda angerudishwa kwao.

Akamkumbuka Mola wake asiyefichwa kitu. "Mama," akasema, "la kwangu ni moto wenyewe." Akaeleza yote.

Ukba akamtazama mkewe kama mtu asiyemjua. "Wewe? Muda wote huu unanisikia nikimlaani ndugu yangu, nawe kimya?"

"Niliogopa, bwana. Niwie radhi. Na wewe shemeji, niwie radhi zaidi."

"Nimekusamehe," akasema Muthana. "Nami sasa naweza kusema langu. Niligeuka njiani nikamwona akichota makaa, nikadhani ataufukia, sikurudi kutazama. Kisha nikanyamaza nisimwaibishe bibi harusi, nikaiita hiyo subira. Kumbe nimemwacha mdogo wangu anikosee kila uchao. Ukba, niwie radhi."

"Lakini mimi ndiye niliyeunguziwa!" akasema Ukba kwa ghadhabu. "Mimi nina kosa gani?"

"Sijui, mwanangu," akajibu Bibi Rufaida. "Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Chakula kilizidi kupoa. Mwishowe Ukba akainamisha kichwa. "Nilimwita kaka yangu hasidi mbele ya watu, bila ushahidi. Akanipa salamu ya Mwenyezi Mungu, nikamnyima jibu lake." Akainuka, akambusu Muthana mkono. Kisha akamgeukia mkewe. "Bado naumia, Lubaba. Lakini nimekusamehe."

"Basi," akasema Bibi. "Neno hili lisitajwe tena kwa uchungu katika nyumba hii." Akafunua sinia. Wali ulikuwa baridi, nao wakaula wote.

Ijumaa iliyofuata Ukba alisimama msikitini, pale pale alipomchafulia kaka yake jina, akamsafisha. Lubaba naye, kwa kuwa toba haikamiliki bila kurekebisha kilichoharibika, alipanda mlimani pamoja na mumewe kutafuta kundi jipya la nyuki. Alirudi uso umemvimba, na Ukba akimcheka, naye akicheka.

Enyi waumini, makosa yao hayakuwa sawa. Moto uliachwa wazi na mmoja. Lakini kila aliyejitazama alikuta chake. Basi aliye na ndugu asiyesemezana naye, na ajiulize leo la kwake ni lipi, kabla ya Siku ambayo ataulizwa peke yake, na hatakuwapo wa kumjibia.