Halua ya Mzee Kiboko Iko kwa Nani

Hapo zamani, zamani kweli, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko yao, Mzee Kiboko aliugua kisukari. Kidonda kikamtoka mguuni, kikakataa kufunga. Daktari Korongo akamwambia, "Vitamu basi. Ule mtama kidogo, maharage na mboga. Dawa usiache, na kila siku utembee. Ukikaidi, mguu huu nitaukata."

Mzee akaitikia vizuri sana. Kisha akajilaza barazani.

Nanyi mnajua watu wakienda kumwona mgonjwa hubeba nini. Faru alileta halua. Nyati alileta soda, kreti nzima. "Pole mzee, kunywa upate nguvu," wakasema. Mzee akanywa. Walimpenda, lakini walikuwa wajinga.

Aliyekosa usingizi ni Bi Pimbi, mpishi wake, mdogo kama chungu cha mboga. Akipika mchicha, mzee anausukuma pembeni. Akikitazama kile kidonda, anayakumbuka maneno ya Korongo. Mzee huyu ndiye aliyempa pa kukaa alipofiwa na mumewe. Aliogopa sana.

Asubuhi moja mzee akaamka, halua hakuna, soda hakuna.

"Pimbi, halua yangu iko wapi?"

"Shikamoo mzee. Faru kaichukua. Anasema huna nguvu ya kuifuata."

"Mimi sina nguvu?"

Tii, tii, tii, mzee akashika njia, anachechemea na kunguruma. Pimbi naye chwa, akakatiza vichakani na kibakuli kichwani, akamtangulia kwa Faru.

"Mzee anakuja," akasema huku anahema. "Kasikia unamsengenya. Mpe chakula hiki, umwambie halua iko kwa Nyati. Vinginevyo sijui."

Faru, na pembe zake zote, akatetemeka. "Halua iko kwa Nyati, mzee. Lakini karibu ule kwanza."

Kukataa chakula cha mwenyeji ni kumtukana. Mzee akala ugali wa mtama, tonge chache, na mchicha na maharage. Akaondoka amenuna.

Kwa Nyati alifika jioni. Pimbi alikwishapita.

"Halua? Faru kaja kuichukua tena, mzee. Karibu ule."

Ikawa hivyo kila siku. Mzee hatulii. Alfajiri anameza dawa haraka asichelewe, anatoka mbio kwa Faru, kwa Nyati, arudi nyumbani, huku Pimbi akikatiza vichakani mbele yake na kibakuli.

Miezi ikapita, hata siku moja Nyati akachoka kudanganya. "Mzee, mimi halua sijaiona. Pimbi ndiye anayetutisha tuseme hivyo."

Kiboko akageuka. Akakimbia mpaka jikoni kwake, sufuria zikaanguka.

"Pimbi, leo nakukanyaga."

Pimbi hakukimbia. "Nikanyage, mzee. Kwa mguu upi?"

Mzee akauinua mguu. Akautazama. Kidonda kilikuwa kimefunga, limebaki kovu. Mguu huohuo ndio aliokuja nao mbio. Akakaa chini, akalia.

"Kumbe nimepona?"

"Hujapona. Kisukari bado unacho. Ila mguu hukatwi."

Mzee akafuta machozi. "Na halua?"

"Nimewapa watoto wa jirani."

Mzee akanyoosha mkono. "Haya, nipe huo mchicha. Kisha uniambie kesho naifuata kwa nani."

Basi watoto, ukimpenda mgonjwa, mpelekee kinachomfaa, si anachokitamani.