Jiwe la Meko la Tarko

Orsena alikuwa na unga wa shayiri hadi kwenye viwiko, donge halijakandwa hata nusu, Felka wa nyumba ya pili alipoingia bila hodi.

"Shoga, jifute mikono. Mke mwenzio anataka jiwe lako la meko."

Mke mwenza huyo hakuwa mtu. Alikuwa mnara.

Hayo yalitukia zama za mababu, katika Ulaya ya kale, mji wa Korvana ulipokuwa bado hauna hata ukuta. Aliyeuasisi ni Tarko Mbeba-Milima, mwana wa Veltu, mwana wa Garo, aliyeziongoza kaya kumi na tatu kutoka kwenye theluji mpaka ukingoni mwa mto, kila kaya na jiwe lake la meko mgongoni. Ndiye aliyelisimamisha daraja kwa mabega yake, upinde mmoja wa mawe juu ya maji yote yale. Ndiye aliyeupiga mwamba kwa kisigino ikabubujika chemchemi ambayo wageni walitembea siku tisa kuja kuitazama. Na ndiye aliyeweka sheria: jiwe la meko halitoki nyumbani ila mwenye nyumba anapohama, na atakayeling'oa amekwisha kuhama, asihesabiwe tena mezani hapo.

Kisha watu wa Luma, mji wa jirani, wakajenga mnara mweupe. Wageni wakawa wanavuka daraja la Tarko bila kuliangalia, wakiuliza tu Luma bado ni mbali kiasi gani. Swali hilo lilimkosesha Mbeba-Milima usingizi na chakula. Akaapa kujenga mnara wa kuupita ule, akajenga miaka sita, akayajua mawe yake moja moja kwa majina, huku akimwita binti yake wa mwisho kwa jina la dada yake. Mkewe Orsena aliuangalia mnara ule kila asubuhi jinsi mwanamke anavyomwangalia mke mwenziwe akipita na kitambaa kipya.

Siku hiyo mnara ulikuwa umelingana na wa Luma, na machimbo yalikuwa yamekwisha mawe. Tarko alitangaza kwamba atachukua mawe ya meko ya kaya zote kumi na tatu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, ataanza na lake.

Aliingia akiinama. Mama yake alikuwa kwenye kigoda, watoto wanne ukutani.

"Sheria ni yako, baba watoto," Orsena alisema.

"Naijua."

"Basi jiwe likitoka, nyumba hii ina watu sita. Usije ukadai hukuambiwa."

Aliling'oa. Makaa yakatawanyika sakafuni, Felka akayakanyaga huku akisonya. Tarko akapanda ngazi mia tatu, akaliweka jiwe kileleni, na mnara wa Korvana ukaupita wa Luma kwa unene wa jiwe moja. Wageni walipiga kelele za shangwe. Akaiona milima aliyotoka, akauona mto wote hadi unapopotea, akaona kila kitu ambacho mtu angetembea siku tisa kukiona.

Halafu akatazama chini. Jua lilikuwa linashuka na moshi ulikuwa unapanda kwenye nyumba kumi na mbili. Mlangoni pake Orsena alikuwa akiwaita watoto waje wale kabichi mbichi, akihesabu kwa sauti: "Mmoja, wawili, watatu…" Alifika sita, akafunga mlango.

Mtu aliyeionea wivu Luma miaka sita akawaonea wivu wale sita.

Akaling'oa jiwe kileleni, akalitia mgongoni, akaanza kushuka, na kila aliyenyoosha mkono kumsaidia alimfukuza. Mgongo ule uliwahi kubeba milima, lakini ulikuwa umeshinda miaka sita kwa uji wa baridi. Kwenye ngazi ya mia mbili kitu kilivunjika, na waliokuwa chini walikisikia. Hakusimama.

Alilirudisha jiwe mahali pake. Felka akaleta makaa ya kwake. Tarko akayapuliza mpaka yakashika, akaketi, akaegemea ukuta.

"Nihesabu," alisema.

"Ngoja chakula kiive," alijibu Orsena, kwa maana hasira yake ilikuwa haijaisha, na donge lilikuwa bado linangoja.

Akaoka mkate, akapika kabichi. Alipogeuka na bakuli la mumewe, aliyaona macho yake yakiutazama moto bila kupepesa, na mikono imelala magotini. Aliwaona na watoto pia, wana njaa, hawajajua.

Mpaka leo kilele cha mnara wa Korvana kina pengo la jiwe moja, na wageni wakiuliza huelezwa. Mpaka leo kila nyumba ya mji ule, kabla ya kula, huhesabu mtu mmoja zaidi ya walioketi.

Orsena aliliweka bakuli mbele ya Tarko, akagawa mkate, akahesabu: mama mkwe, watoto wanne, yeye mwenyewe. Sita. Kisha akaweka mkono kwenye bega lile lililosimamisha daraja.

"Saba," alisema. "Wote wapo. Kuleni."