Kitambaa Chini ya Paji la Uso

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi wa yaliyokuwa, kwamba katika mji wa Wasiti, zama zile watu walipokuwa wakienda Hija kwa ngamia na kuagana kama wanaoagana kwa mauti, palikuwa na nyumba ya watu wa fedha ikiitwa nyumba ya Hazimu. Kazi yao, tangu babu hata mjukuu, ilikuwa kuwabadilishia wasafiri fedha zao na kuwawekea watu amana. Na kuweka amana si kazi ya mchezo, ndugu zangu. Mali yako ikipotea utasema ni yangu. Ya mwenzio utasema nini?

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Mtu akileta amana, alipasua kipande cha nguo aliyoivaa, kisha kipande kile akakipasua nusu kwa nusu. Nusu ikakaa na amana, nusu akaondoka nayo. Akirudi mwenyewe, au mwanawe, au mjane wake, nusu mbili zikiwekwa pamoja na nyuzi zikakubaliana, hukabidhiwa chake papo hapo, bila ya kuulizwa alikuwa wapi siku zote hizo.

Wa mwisho katika nyumba hiyo alikuwa kijana mmoja, Mundhiri bin Hazimu, Mungu amrehemu. Baba yake alishikwa na homa Jumatatu, na Jumatano akawa kaburini. Homa ile ilimfunga ulimi, hakuusia neno. Mji mzima haukuwa na mahali pa kumlaza mgonjwa wala tabibu wa kumshika mkono. Mundhiri alilia mpaka macho yakamvimba, akasema, "Mali yote hii, na baba yangu amekufa kama asiye na kitu!"

Basi akafunga duka la fedha. Akawaita wenye amana, mmoja mmoja, akawarudishia zao mpaka ghala likabaki tupu. Kisha urithi wake akaugeuzia kwa watu wa mji. Akachimba visima, akawalisha mayatima, akawastiri mabinti wasio na vyombo vya kuanzia maisha. Na nje ya lango la mashariki, katika bustani ya makomamanga ambayo kila mtu aliijua kuwa ni ya marehemu Hazimu, akajenga nyumba ya wagonjwa yenye vitanda arubaini, matabibu wawili, na wanawake wa kufua na kupika. Akaifanya wakfu, kwa nia kwamba thawabu zake zimfikie baba yake huko aliko. Kila mgonjwa aliyetoka na miguu yake, Mundhiri alisema, "Alhamdulillahi, zawadi nyingine kwa baba."

Kitu kimoja tu cha baba yake alikiweka kwake: mswala wake wa kusalia. Aliupenda mno, hata hakuthubutu kuukanyaga. Aliutundika ukutani kwa misumari ya shaba, akawa anautazama na kumwombea marehemu. Mswala wa kusalia, umetundikwa! Lakini tusimcheke haraka.

Ukapita mwaka wa saba. Watu wa mji wakamchongea Mundhiri jiwe zuri la kuwekwa juu ya mlango wa nyumba ya wagonjwa, lenye jina lake na la baba yake. Siku ya kuliweka, Mundhiri akasema moyoni, leo nitaswali adhuhuri juu ya mswala wa baba, nimshukuru Mola kwa neema hii. Akauteremsha, akautandika, akahirimia. Aliposujudu, paji la uso likagusa kitu, kama mshono mnene ndani ya mswala. Akasujudu tena, kipo. Baada ya kutoa salamu akakaa kitako, akafumua uzi kwa ncha ya kisu.

Mlikuwa na nusu ya kitambaa cha sufu ya kijani, na karatasi yenye mwandiko wa baba yake: "Bustani ya makomamanga nje ya lango la mashariki ni amana ya Yaakubu bin Salimu, mfumaji, aliyekwenda Hija. Si yangu, wala si ya mwanangu. Nimeiweka alama yake hapa ninaposujudia ili nisisahau hata siku moja."

Mundhiri akaisoma karatasi mara ya pili. Sasa akaelewa. Amana nyingine zote huwekwa ghalani, lakini bustani haiingii ghalani. Kwa hiyo baba yake aliilima, akaipalilia, akailipia kodi mwaka baada ya mwaka, akaitunza kama yake. Aliitunza vizuri mno, hata mji mzima ukasahau kwamba si yake. Na mwanawe, aliyezaliwa akiiona, akatoa wakfu mali ya watu.

Akamwita Dahmani, mzee aliyekuwa msimamizi wa nyumba yao tangu ujana, akamwonyesha. Dahmani akaisoma karatasi, akakitia kitambaa kwapani kama anayetaka kukificha.

"Bwana wangu, tarehe ya karatasi hii ni ya miaka thelathini," alisema. "Huyu mfumaji kama yu hai angekwisha kurudi. Na bustani yake imekwenda kwa Mungu, haikwenda kwa walevi. Kitie motoni kitambaa hiki, wagonjwa walale."

"Dahmani, wakfu husihi kwa asiyemiliki?"

Mzee akainamisha kichwa. "Haisihi, bwana."

"Basi miaka saba nimekuwa nikimpelekea baba yangu zawadi ya wizi. Nipe kitambaa changu."

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Mundhiri alisimama msikitini, akaonyesha kitambaa, akasema yote. Hakuficha, hakupaka asali. Akasema jiwe lile, alilolizuia siku ile, lisiwekwe kabisa. Jamani, watu! Waliokula kwake jana ndio waliokuwa wa kwanza kunong'ona leo. Wengine walisema ameingiwa na wazimu. Wengine walisema, tulijua, tajiri hakosi doa. Wachache walilia. Kadhi akahukumu kwamba wagonjwa waachwe siku arubaini kwa dharura, mwenye mali atafutwe, na asipopatikana wahamishwe, kwa kuwa hakuna wa kutoa idhini.

Mundhiri akatuma wapiga mbiu kwa kila msafara. Mwenyewe akawa anakaa langoni mwa nyumba ya wagonjwa tangu alfajiri, kitambaa kiganjani. Wakaja watu na vitambaa vyao, vyeupe na vyeusi, na mmoja akaja na cha kijani kipya kabisa, hata harufu ya rangi haijakitoka. "Ndugu yangu," Mundhiri alimwambia, "hiki kimezaliwa jana. Nenda na amani." Siku zikaisha moja baada ya nyingine. Alikonda, shingo ikawa nyembamba, lakini kila aliyemuuliza hali alimjibu, "Alhamdulillahi, nilikuwa nimelala nikaamshwa."

Siku ya arubaini ikafika. Machela zikaletwa uani. Mgonjwa wa kwanza kunyanyuliwa alikuwa bibi mmoja mwenye homa, aliyekuwa akilia na kuwashika wabebaji mikono. "Mnanipeleka wapi, wanangu? Sina kwetu." Mundhiri akageuza uso asimwone, machozi yanamtiririka, akasema, "Twendeni taratibu. Ardhi hii ina mwenyewe."

"Mrudisheni kitandani!"

Wote wakageuka. Aliyesema ni Bi Lubaba, mfuaji wa mashuka, mwanamke wa makamo aliyekuwa akifanya kazi pale tangu mwaka wa kwanza. Kwa miaka saba hawakuwahi kumsikia akipaza sauti. Akaliacha shuka alilokuwa akilikamua, akaipangusa mikono, akafungua fundo la upindo wa mtandio wake, akatoa kitambaa cha sufu ya kijani kilichochakaa. Akakiweka juu ya kiganja cha Mundhiri, ubavuni mwa kile kingine. Nyuzi zikakubaliana, uzi kwa uzi.

"Yaakubu bin Salimu ni baba yangu," alisema.

Mundhiri akapiga magoti. "Mama yangu! Miaka saba unafua nguo katika mali yako mwenyewe, na ujira wako unaupokea mkononi mwangu? Kwa nini hukusema?"

"Ujira ni wa mikono yangu," akajibu Bi Lubaba. "Na nilikuja kusema, wallahi. Nilikuja na kitambaa hiki alichoachiwa mama na baba, sijala siku mbili, nikifuata wasia wa mama yangu. Nilipofika langoni nikamkuta mwanamke amempakata mtoto anayetetemeka kwa homa, tabibu anamnywesha dawa. Baba yangu aliuliwa na homa kama ile, njiani, kichwa mchangani, hana wa kumpa tone la maji. Nikasema, ewe Mola, kumbe shamba la baba limekwisha kwenda mahali ambapo mimi nisingejua kulipeleka. Nikaomba kazi ya kufua."

"Na mimi ukaniona nikitoa chako, nikisifiwa kwa chako."

"Wewe nilikusamehe siku ile ile. Nilitaka sadaka hii asiijue ila Mola wangu. Ukaenda wewe ukasimama msikitini! Siku zote hizi arubaini nilikuwa nikiomba wagonjwa wabaki bila ya mimi kusema, mpaka leo nilipomsikia bibi huyu. Mwanangu, umenianika kama shuka."

Watu waliokuwa uani wakacheka huku wanalia. Hata wabebaji wa machela walishindwa kujizuia.

Bi Lubaba hakucheka. Alimtazama Mundhiri usoni, akasema kwa upole, "Lakini sikiliza nikwambie. Msamaha wangu ulikuwa kwa asiyejua. Lau ungekiona kitambaa hiki ukanyamaza, basi ningekudai kesho mbele ya Mungu, wewe na vitanda vyako arubaini."

Dahmani alikuwa amesimama nyuma. Mzee yule alikaa chini palepale mchangani, akaanza kusema, "Astaghfirullahi, astaghfirullahi." Na Mundhiri akaporomoka kwa sijida ya shukrani, akakaa humo mpaka watu wakadhani amezimia. Aliponyanyuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa roho.

Siku ile ile mbele ya kadhi, Bi Lubaba akaitoa bustani kuwa wakfu, wakfu sahihi, na thawabu zake akawaombea wazee wawili: aliyeipanda na aliyeitunza. Alipoulizwa kuhusu jiwe, akasema ligeuzwe liwe la kufulia, maana la zamani limepasuka. Likafanywa hivyo, majina yakiwa yametazama chini.

"Na mimi, mama," akauliza Mundhiri, "nikulipe nini?"

"Ndoo hizo hapo. Kisima ni mbali, na magoti yangu yamezeeka."

Wanasimulia kwamba mrithi wa nyumba ya Hazimu aliteka maji ya kufulia nguo za wagonjwa kila asubuhi mpaka ndevu zake zikawa nyeupe, na kwamba hakuna aliyepata kumwona na furaha kubwa kuliko ile ya kubeba ndoo. Nusu mbili za kitambaa alizishona pamoja, akazirudisha mahali pake katika mswala wa baba yake, na hakuutundika tena.

Na sisi, ndugu zangu, tumeachiwa mangapi na wazazi wetu, tukayatundika ukutani kwa heshima, na ndani yake mna neno ambalo lingetuokoa? Tushukuru anayetuamsha, hata kama ametuamsha kwa aibu. Na pengine aliyetusamehe tumo naye uani kila siku, anakamua mashuka, nasi tunapita hata salamu hatumpi. Basi kesho asubuhi, tumpokee ndoo.